Kidani cha Msasa

Mkakasi ni kijaluba cha mti kilichochongwa kwa ustadi, kikatiwa nakshi na kupakwa rangi, ambacho watu wa zamani walikitumia kuwekea manukato. Ukikitazama kwa nje utadhani kimebeba johari. Kifungue sasa: mti mtupu. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tunaipenda sana tukiielekeza kwa wenzetu. Tunamtupia jirani mwenye ukuta mpya na paa linalovuja, tunamtupia bosi mwenye gari jipya lisilo na mafuta. Ni wachache wanaothubutu kuigeuza iwatazame wao wenyewe. Huyu ninayemsimulia hapa hakuthubutu pia, aligeuziwa.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, kwa kuwa mtaa mzima ulimwita Msasa. Alikuwa fundi wa simu na redio, na duka lake lilikuwa ghorofa ya pili, dirisha likitazamana na mnara wa simu uliokuwa hatua chache tu ng'ambo ya barabara. Sifa yake kubwa ilikuwa kung'arisha. Ukimpelekea simu iliyokufa spika, utarudishiwa inasema, na kioo kimesuguliwa hadi unaweza kuchania nywele. Redio iliyoingia na vumbi la miaka kumi ilitoka kama bibi harusi. Wateja walimpenda kwa hilo, nami siwalaumu. Ila mtu akisifiwa mno kwa jambo moja, hulifanya hilo hilo hata pale ambapo hakuna aliyemwomba.

Mama yake alikuwa mjane, akiishi peke yake bondeni, nyuma ya kilima, mwendo wa dakika kumi kwa pikipiki kutoka dukani. Alikuwa mfumaji wa masweta ya wanafunzi. Mashine yake ya kufumia ilikuwa ndefu, imekula nusu ya sebule, na mtu akitaka kupita kwenda jikoni ilimbidi apite ubavu. Mama hakuona tatizo lolote katika hilo. "Mwembamba atapita, mnene atasubiri apungue," ndivyo alivyokuwa akisema.

Tatizo lilikuwa sukari. Mama alikuwa na kisukari, akijidunga sindano kila siku, na mara nyingine sukari ilimshuka ghafla bila hodi. Jasho jembamba lilimtoka, mikono ikamtetemeka, maneno yakampotea, na asipopata kitu kitamu mapema, alianguka. Mwanzoni mwa mwezi mmoja alianguka hivyo, na lau si binti yake mkubwa kupita pale kumjulia hali, tungekuwa na habari nyingine.

Binti huyo, dada yake Msasa, alikuwa muuguzi, na wauguzi hawana muda wa kuzungukazunguka. Siku ya pili yake aliitisha kikao pale pale sebuleni.

"Mama atahamia kwangu," alikata maneno. "Nyumba yangu ni ndogo, lakini mchana kuna mtu."

"Na mashine?" mama aliuliza.

"Mashine haipandi ngazi za ghorofa ya nne, mama. Itauzwa, au tutaiweka stoo."

"Basi na mimi nitieni humo humo stoo, tukae wote."

"Mama, sifanyi mzaha."

"Na mimi nani kakwambia nafanya mzaha? Nyumba hii niliingia nikiwa mwari. Nikitolewa kwenye kazi yangu, hiyo sukari mnayoiogopa itakuwa na kazi gani tena? Nitakuwa nimeshakufa."

Msasa alikuwa ameegemea mlango. Aliuliza, "Simu si anayo?"

Dada alimgeukia. "Simu iko jikoni, mama yuko sebuleni. Tena sukari ikishamshuka macho hayaoni na vidole havisikii. Atatafuta jina lako saa ngapi?"

Hapo ndipo wazo lilipomjia Msasa. Aliwaambia kwamba angetengeneza kidani cha kuvaa shingoni, chenye kitufe kimoja tu. Mama akijisikia vibaya, angebonyeza, na ujumbe ungeingia kwenye simu yake na ya dada papo hapo. Mama alimtazama mwanawe kwa macho yaliyojaa shukrani. Dada aliinua kidole.

"Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Kidani kikifanya kazi, mama abaki kwake. Kisipofanya, naja na gari la mizigo, na mtu asinililie."

"Nipe wiki mbili tu," Msasa alijibu, kifua mbele.

Alianza kazi siku ile ile. Alinunua moduli ya simu, yaani kibao kidogo chenye tundu la kutia laini, kisicho na kioo wala spika, ambacho kazi yake ni moja: kuusaka mtandao na kutuma. Alikitia programu ili kilale usingizi mpaka kitufe kibonyezwe. Hapo kiamke, kiutafute mnara, kitume maneno mawili, "Mama anaita", kisha kilale tena. Mpaka hapo alifanya kazi safi kabisa, wala sitamnyima haki yake.

Ikabaki betri. Mezani alikuwa na betri nene ya tochi ya kuchaji, iliyokuwa na nguvu za kutosha, lakini ukiitia ndani, kidani kingekuwa na ukubwa wa andazi. Alikuwa nayo pia betri nyembamba aliyoitoa kwenye vispika vya masikioni vya mteja mmoja, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Aliipima kwa mita. Volti nne na ushei. Moduli ilitaka volti nne. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Aliposhuka kununua waya, betri ile ikiwa mkononi, alimkuta Bi Asidi. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyekodi kibanda chini ya jengo lile lile, akichaji na kufufua betri za pikipiki na za taa za majumbani. Kanga zake zote zilikuwa na matundu ya asidi, na mdomo wake ulikuwa na asidi kuliko kanga. Aliichukua ile betri akaiweka kiganjani.

"Hiki ni cha nini? Cha mwanasesere?"

"Cha kidani cha mama. Kinatosha, Bi Asidi. Nimekipima, kina volti nne na ushei."

"Umekipima kimelala au kikiwa kimebeba?"

Msasa hakuelewa swali. Angeuliza lingeeleweka, maana kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza mbele ya wateja, tena kumuuliza mama wa betri za pikipiki, kulimshinda. Alicheka tu. "Betri ni betri, bibi."

"Haya, fundi," Bi Asidi alisema, akarudi kwenye maji yake ya betri.

Kwa siku tisa zilizofuata, Msasa alishughulikia gamba. Nasema kweli, siku tisa. Alichonga kipande cha mti mwekundu kikawa duara, akakipiga msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, akakipaka vanishi mara tatu, kila mara akisubiri kikauke. Pembeni alichonga ua. Ili vyote vienee ndani, aliunganisha betri na moduli kwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea, akauzungusha mara mbili ukingoni. Kidani kilipokamilika alikaa kando ya dirisha lake na kukibonyeza mara ishirini. Mara zote ishirini simu yake ililia.

Mama alipovishwa kidani kile alikwenda mwenyewe kwenye kioo. "Lo! Mwanangu, hiki hata cha harusi." Wateja waliofuata masweta walikishika na kukisifu. Jirani aliuliza kimenunuliwa wapi. Hata dada, aliyekuwa mgumu wa kusifu, alisema, "Umejitahidi, mdogo wangu," na Msasa akakua shibri nzima pale aliposimama.

Walikijaribu mara moja, wakiwa barazani. Kitaa chekundu kando ya kitufe kiliwaka, kikazimika, kikawaka tena, na baadaye kidogo simu zikalia.

"Mbona kilizimika kwanza?" mama aliuliza.

"Ndivyo kinavyoamka, mama."

Hakuwa na hakika. Moyoni kitu kilimcheza, lakini kidani kilikuwa kizuri mno, na watu walikuwa wameshasifu. Alipanda pikipiki akarudi dukani.

Siku ya sita baada ya hapo, mchana, mama alikuwa akifuma mkono wa sweta. Alihisi jasho la baridi mgongoni. Alijua. Alikishika kidani akabonyeza. Kitaa kikawaka, kikazimika. Akabonyeza tena. Kikawaka, kikazimika. Alitaka kuinuka afuate sukari jikoni, lakini miguu ilikuwa imeshamkataa, akateleza hadi sakafuni kati ya mashine na ukuta. Alilala pale akibonyeza. Alimwamini mwanawe, kwa hiyo hakupiga kelele alipokuwa bado na sauti. Alibonyeza tu, mpaka akawa hajui tena kama anabonyeza au anaota.

Aliyemwokoa ni mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua masweta ya darasa lake. Alibisha, akasikia mkoromo, akaingia. Mungu alimjalia akili: alikoroga sukari, akampaka mama ndani ya shavu kidogo kidogo hadi macho yakafumbuka, kisha akampigia dada. Mama aliponea chupuchupu.

Jioni simu ya Msasa iliita. Ilikuwa dada.

"Ulipata ujumbe?"

"Ujumbe gani?"

Dada alisema polepole, "Basi hukupata. Hata mimi sikupata," akakata.

Msasa alifika bondeni amekauka mate. Alimkuta mama ameketi kitandani, kikombe mkononi, na dada kando yake amejifunga kanga kiunoni. Alikichukua kidani, akatoka nacho, akakipeleka dukani. Pale dirishani alikibonyeza. Simu ililia. Akabonyeza tena. Ililia. Alirudi mbio, na kwa ile furaha ya mtu anayedhani ameshinda kesi, akasema maneno ambayo mpaka leo anayajutia.

"Kinafanya kazi! Mama, utakuwa hukubonyeza sawasawa."

Mama alikiweka kikombe chini, akamnyooshea mkono wa kulia. Kwenye kidole gumba palikuwa na alama nyekundu ya duara, imezama kwenye nyama, ukubwa ule ule wa kitufe. Pembeni ngozi ilikuwa imechubuka.

Msasa aliitazama alama ile, akatamani ardhi ipasuke. Alijisikia aibu, na chini ya aibu hiyo alijisikia hofu, kwa sababu sasa alijua kwamba mama alikuwa ameita na kuita na hakuna aliyemsikia. Dada naye alisema jambo moja tu: "Zimebaki siku nane. Nimeshaongea na mwenye gari."

Asubuhi yake Msasa hakupanda ghorofani. Alikwenda moja kwa moja kibandani kwa Bi Asidi, akakiweka kidani mezani, akasema, "Bi Asidi, ile siku uliniuliza swali. Sikulielewa. Naomba uniulize tena."

Bi Asidi alimtazama kutoka juu hadi chini. Kama kuna siku ambayo angeweza kumcheka hadi akachoka, ilikuwa ile. Lakini aliona uso wake, akavuta kigoda.

"Kaa. Betri, mwanangu, ikiwa imelala kila moja ni shujaa. Mimi naletewa betri za pikipiki zilizokufa, ukizipima zinasema volti kumi na mbili, kamili. Piga stata sasa. Pu! Imekata roho. Kwa hiyo mimi betri siipimi imelala. Naipima ikiwa na mzigo mgongoni."

"Lakini dukani kwangu inabeba."

"Dukani kwako mnara uko wapi?"

Msasa aligeuza macho ng'ambo ya barabara. Mnara ulikuwa dirishani.

"Mtu aliye karibu unamnong'oneza," Bi Asidi aliendelea. "Aliye ng'ambo ya kilima unampigia ukelele. Sijui mambo ya simu, hayo ni yako, lakini kupiga kelele kunataka pumzi. Nenda na hicho kidude kule kule kilikokataa, ukakipime kule." Alifungua saraka akatoa mita kuukuu ya mshale. "Chukua hii. Yako ya namba inafikiria sana kabla ya kusema. Mshale hauwezi kuficha."

Alikwenda. Alimwomba mama ruhusa, akaketi sakafuni, pale pale kati ya mashine na ukuta. Alikifungua kidani, akazishika nyaya za mita kwenye miguu ya moduli, akabonyeza. Mshale ulisimama kwenye nne. Moduli ikaamka, ikaanza kuutafuta mnara nyuma ya kilima, na mara mshale ukaanguka chini ya tatu, moduli ikazima. Kwa kuwa sasa hapakuwa na mzigo, mshale ukapanda tena nne, moduli ikaamka, ikaita, mshale ukaanguka. Mara kumi alibonyeza, mara kumi ilikuwa hivyo. Kila moduli ilipotaka kupaza sauti, ilihitaji umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na kile kibetri hakikuwa nao. Kidogo kilichokuwapo kililiwa na ule waya mwembamba njiani.

Mama alikuwa amesimama juu yake. "Kumbe kina nini?"

"Kinazimia, mama," Msasa alisema. "Kikitaka kuita, nguvu zinakiishia. Kinaanguka, kinaamka, kinaanguka tena. Wewe ulibonyeza sawasawa. Kosa ni langu. Nilikaa siku tisa nachonga ua, na betri sikuipa hata siku moja. Nisamehe."

"Maskini, kumbe kilikuwa mgonjwa mwenzangu," mama alisema. Alimwekea mkono kichwani. "Nimeshakusamehe, baba. Ila ungenisikia siku ile nilipokuuliza kuhusu taa, ningekusamehe mapema zaidi."

Siku zilizofuata Msasa alifanya kazi kwa namna ambayo hakuwahi kuifanya. Hakugusa msasa. Aliichukua ile betri nene ya tochi, akaiunganisha na moduli kwa waya mnene na mfupi, mfupi kadiri alivyoweza. Kando kabisa ya moduli alilehemu kapasita kubwa ya silinda, ambayo kazi yake ni kujaza umeme polepole wakati wa utulivu na kuumwaga kwa mpigo moduli inapopiga ukelele. Hiyo nayo ilikuwa nene kama kidole. Kitu pekee kilichoweza kuvimeza vyote hivyo kilikuwa kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni, cha rangi ya samawati iliyopauka. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea, akakifunga kwa mpira. Kamba ya kuvalia ilikuwa kamba ya kiatu.

Kisha kila siku alikwenda bondeni kukijaribu huko huko: sebuleni, jikoni, chini ya kitanda. Mshale wa mita ulicheza kidogo ukarudi mahali pake. Jioni ya mwisho mkono ulimwasha, akachukua kipande cha msasa alainishe walau kona moja. Bi Asidi, aliyekuwa amepanda kufuata mita yake, akampiga kofi mkononi.

"Acha! Tuone kwanza kama kinaita, uzuri utakikuta mbele ya safari."

Siku ya mwisho wa mwezi dada alifika na gari la mizigo kweli. Aliingia, akakiona kisanduku kifuani kwa mama, akasimama.

"Mama, mbona umevaa sabuni?"

"Muulize ndugu yako."

Msasa hakujitetea. Alisema, "Dada, kile cha kwanza kilikuwa na kasoro, na kasoro ilikuwa yangu. Hiki usinisikilize mimi. Kijaribu mwenyewe, popote unapotaka."

Dada alikichukua. Bafuni kwa mama kulikuwa chini kuliko nyumba nzima, ngazi tatu kwenda chini, kuta nene, na simu huko huwa haioni mtandao isipokuwa kwa kubahatisha. Huko ndiko alikokwenda. Alilala sakafuni na sare yake nyeupe ya kazini, ubavu kwenye saruji, kama mtu aliyeanguka. Akabonyeza.

Sebuleni, Msasa alihesabu kimoyomoyo. Alipofika kumi na nne, simu yake ililia. Ikalia na ya dada, aliyoiacha juu ya mashine. Dada akabonyeza tena. Zikalia. Mara ya tatu, ya nne, ya saba, ya kumi. Dereva wa gari la mizigo alichungulia dirishani kuuliza kama kuna harusi.

Dada hakutoka. Msasa alishuka zile ngazi, akamkuta bado amelala, anatazama dari, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni.

"Dada?"

"Naogopa, mdogo wangu," alisema. "Wewe unadhani nataka kumnyang'anya mama nyumba yake. Kila simu ikilia kazini, mikono inakufa ganzi. Nadhani ni habari yake. Siku moja nimemkosea mgonjwa mshipa kwa ajili hiyo."

Msasa aliketi kwenye ngazi. Alimpa leso.

Dada alijipangusa, akapanda juu, akamlipa dereva usumbufu wake. Lakini muuguzi ni muuguzi. "Gari limeondoka, sharti halijaondoka," alisema. "Nakipa mwezi mwingine. Yale ya bafuni yalikuwa maigizo." Alimfundisha Msasa namna ya kumpaka asali ndani ya shavu mtu aliyeishiwa sukari, akamfanya arudie mara tatu mbele yake, kisha akaenda kazini.

Wiki ya tatu ya mwezi huo, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Msasa alikuwa ameinamia simu ya mteja. Simu yake ikalia. "Mama anaita." Alichomoa pasi ya kulehemu, akamwacha mteja mdomo wazi, akashuka ngazi mbili mbili akimpigia Bi Asidi kelele amwangalizie duka. Kabla hajawasha pikipiki, dada alikuwa ameshapiga: "Nimeona. Nakuja. Wewe uko karibu, kimbia."

Alimkuta mama sakafuni, mgongo kwenye mguu wa mashine, amelowa jasho, macho nusu yamefumba. Mkono mmoja ulikuwa umekikumbatia kisanduku. Msasa alifanya kama alivyofundishwa. Kichwa kiegame. Asali kwenye kidole. Ndani ya shavu, kidogo. Subiri. Tena. Dakika zile zilimwendea taratibu kupita kiasi, naye akawa anaita tu, "Mama. Mama, nipo. Nimefika, mama."

Hatimaye mama alimeza. Kope zikacheza. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kama anayemtafuta kwenye ukungu, kisha midomo ikasogea.

"Nimebonyeza mara moja tu," alisema.

Hapo Msasa alilia, wala hakujificha.

Dada alifika, akampima mama, akaona namba inapanda vizuri, akakaa chini sakafuni pamoja nao. Habari ya kuhama hakuitaja. Aliinuka, akavua viatu, akapita ubavu kando ya mashine kuelekea jikoni, akapika chai, akamletea mama, akarudi kuosha sufuria.

"Kibaya kweli hicho kidude," alisema kutokea huko.

"Kibaya," Msasa alikubali. "Ukitaka nitakisugua kidogo, mama. Nikitafutie gamba la heshima."

Mama alikuwa ameshakaa kitini, anakoroga chai yake. Alikishika kisanduku kwa mikono miwili, akakivuta karibu na kifua.

"Thubutu! Usinigusie. Kile cha kwanza kilisifiwa na mtaa mzima, kikaniacha sakafuni naita peke yangu. Hiki wanakicheka, na mimi nipo, nakunywa chai. Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti."